Malau wa Mahameni

Jumamosi moja ya kiangazi, mwaka 1976, wanawake wa kijiji cha Amkeni walikuwa kwenye foleni ya unga wa njano mbele ya duka la ushirika wakati ndege mmoja alipokuja kwa miguu akitokea upande wa Iringa. Alikuwa na ukubwa wa tetea, rangi ya kahawa iliyoungua, uso mwekundu usio na manyoya, na miguu ya njano iliyozidi mwili wake kwa ukubwa. Miguu ile ilikuwa na vumbi la barabara ya Idodi. Aliipita foleni bila kusukumana na mtu, jambo ambalo wengi walilisifu, akaingia jiko la kwanza alilolikuta wazi, akakwangua majivu, akatoka. Akaingia jiko la pili.

"Hii ndege inatafuta nini?" mama mmoja aliuliza.

"Labda na yenyewe inataka unga," alijibiwa, na foleni ikasogea.

Hadi jua linaelekea kuzama alikuwa amekagua kijiji kizima, nyumba baada ya nyumba, na kazi hiyo haikuwa ngumu kwa sababu Amkeni kilipimwa kwa kamba na nyumba zake zilisimama mstari kama wanafunzi wa gwaride. Katika kila jiko alikwangua, akashusha tumbo kwenye majivu kama mtu anayejaribu kitanda cha wageni, kisha akaondoka hajaridhika. Jiko la mwisho lilikuwa la Apolonia. Hapo pia hakuridhika, ila alikuwa amechoka, akalala.

Kwa watu wa pale, kuku mgeni ni wa yule aliyemlaza. Kulipokucha kila mtu alimwita kuku wa Apolonia, na habari ikaishia hapo.

Amkeni kilikuwa kijiji kama vingine vyote vya barabara ile: ofisi ya chama, zahanati ya chumba kimoja, shule inayongojea mabati. Kilikuwa na tofauti moja tu. Hakuna mtu aliyekaanga bisi. Mahindi waliyachemsha, waliyasaga, waliyapikia pombe, lakini bisi hapana. Haikuwa amri ya mtu. Watoto wadogo walikua bila kujua kwamba punje ya mahindi ikipata moto huweza kupasuka, na hakuna mzazi aliyeona haja ya kuwaambia.

Watu wake walitoka Lusilila, mwendo wa asubuhi moja kuelekea milimani. Walihamishwa mwezi wa kumi mwaka 1974, wakati nchi nzima ilipokuwa ikihamia vijijini. Kuna waliohama kwa ngoma na vigelegele. Watu wa Lusilila walisitasita, wakasema mahindi yao yako darini na mvua iko karibu, wangoje kidogo. Basi wakaletewa lori, mgambo na viberiti. Utaratibu ulikuwa rahisi. Mgambo mmoja anaingia ndani ya nyumba, anatazama, akikuta hamna mtu anatoka na kuufunga mlango kwa kamba ya gome la mti. Anayemfuata nyuma na kiberiti akiiona kamba anajua nyumba ni tupu. Ulikuwa utaratibu mzuri, na aliyeubuni alipongezwa.

Lori lilikuwa moja. Jioni ile, watu waliposhuka Amkeni na kuanza kutafutana, mama yake Apolonia hakuonekana. Aliitwa Bibi Tekla, mfinyanzi wa vyungu, mfupi, mwenye bangili ya shaba mkononi tangu usichana wake. Apolonia alizunguka akiita. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Liberatus, ambaye naye alikuwa mtu wa Lusilila, alimkuta akiita akamwambia atulie, mama yake alipanda lori la pili.

"Lori la pili lipi?"

"Lililokwenda Usangu. Kule Mbeya. Huku nafasi ilijaa."

Hakuna aliyekuwa ameliona lori la pili, lakini kadiri siku zilivyokwenda lilizidi kuonekana. Mmoja alikumbuka kwamba lilikuwa la buluu. Mwingine alimkumbuka dereva, mtu mnene, mwenye adabu, aliyemketisha Bibi Tekla kiti cha mbele kwa heshima ya umri wake. Mwaka ulipokwisha kulikuwa na watu watatu waliompungia mkono.

Liberatus alikuwa akienda Mbeya kwenye mikutano, na kila akirudi alipitia kwa Apolonia kabla hajafika kwake.

"Kamwene, Apolonia. Mama yako anakusalimu. Analima mpunga sasa. Amenenepa."

"Nimezipokea, Ndugu Mwenyekiti. Ahsante."

Hakuwa mtu mbaya, Liberatus, na hilo ndilo linaloudhi. Alimpa Apolonia kiwanja chenye kivuli. Alihakikisha anapata unga. Isipokuwa mtu anayeletewa salamu za mama yake hawezi kumlilia. Kumlilia aliye hai ni uchuro, na jirani anayekuja kumpa pole mtu ambaye hajafiwa anatafuta ugomvi. Kwa hiyo Apolonia hakunyoa nywele, hakukaa chini kwenye mkeka, hakuna aliyemletea kuni wala kumshika mkono. Alikuwa mjane wa makamo asiye na mtoto, na kilio cha mama yake kilimkaa kooni mwaka wa pili sasa. Mganga wa zahanati alimwambia apanue kinywa, akamulika kwa tochi, akakiona. Alisema ni kilio, ukubwa wake ni kama punje ya hindi, hakina kidonge, mpaka kitoke chenyewe. Alimshauri ale uji.

Yule ndege alikaa Amkeni siku chache kisha akatoweka. Mchungaji mmoja wa ng'ombe aliyekuwa akishuka kwenda Usangu ndiye aliyeleta habari. Kuku wenu yuko mahameni kwenu Lusilila kule juu, alisema, anachimba mashimo.

Habari hiyo ilimkera Mwenyekiti. Kurudi mahameni kulikatazwa. Kila mwananchi na mifugo yake walitakiwa kukaa kijijini.

"Lakini ile ni ndege tu, Ndugu Mwenyekiti," Apolonia alisema.

"Sheria haikubagua," alisema Liberatus. "Leo tukimwachia kuku, kesho atarudi mtu."

Akamtuma Apolonia, kwa kuwa ndiye mwenye kuku, na akampa mgambo wa kumsindikiza. Mgambo huyo alikuwa Silvester, mtoto wa mama mdogo wa Apolonia. Silvester alipofiwa na mama akiwa mdogo, Bibi Tekla ndiye aliyemlea, na alipokua alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku ya Iringa, akifunga mitumba ya majani yake kwa kamba. Alikuwa kijana wa maneno machache, na tangu kuhamia Amkeni alikuwa wa machache zaidi. Kwa Apolonia ndiye ndugu pekee aliyebaki.

Walifika Lusilila kabla ya jua kuwa kali. Nyasi zilikuwa zimeota mpaka kiunoni, kwenye njia, kwenye mazizi, hata juu ya makaburi ya wazee. Mahali zilipokuwa nyumba hapakuota kitu. Kulikuwa na madoa ya majivu, moja kwa kila nyumba, meusi na safi. Apolonia alivua kandambili akaweka mguu katikati ya nyumba yake mwenyewe, akauondoa haraka.

"Yana moto," alisema.

"Jua hili, dada."

"Na huku chini ya mkuyu kwenye kivuli? Gusa."

Silvester aligusa, akapangusa mkono kwenye suruali.

Walipofikiri kidogo wakaona majivu yana haki ya kuwa na moto. Desturi ya Lusilila ilijulikana: anayehama nyumba huuzima moto wake kwa mkono wake, kwa maji ya chungu chake, kabla hajavuka kizingiti. Moto ambao mwenyewe hakuuzima haujazimika, hata ukionekana majivu. Siku ile ya lori watu walitolewa mbio, mwingine na mtoto mgongoni, mwingine na mwiko mkononi, na hakuna aliyepewa nafasi ya kuzima. Kwa hiyo majivu hayakuwa na kosa. Ni vile tu hakuna aliyewahi kurudi kuyagusa.

Ndege alikuwa nyumba ya pili kutoka kwa Apolonia, akirusha majivu nyuma kwa ile miguu yake mikubwa. Alikuwa amekwishataga kwenye nyumba kadhaa, yai moja moja, kubwa kwa mwili wake, limefukiwa kwa kina cha mkono mzima. Silvester alimkamata bila shida. Walimtia kwenye tenga wakarudi naye. Apolonia alitaka kwanza kupita kwa mama yake, nyumba ya mwisho upande wa mto, lakini Silvester alisema jua linapanda, akatangulia.

Liberatus alimpa ndege kiwanja. Alimchimbia shimo, akaamuru kila jiko lichangie majivu ya moto, na kwa muda majivu yakawa na moto kweli. Yalipopoa ndege aliondoka. Alirudishwa, akapewa kiwanja kingine karibu na ofisi ya chama, akaondoka. Alirudishwa tena. Kijiji kilianza kuizoea kazi hiyo kama kilivyozoea kuchota maji.

Ndipo Jumapili moja Padri Danieli alipofika kwa pikipiki kutoka Tosamaganga kusomea watu misa. Alikuwa Mwitaliano mzee, aliyekaa Uheheni muda mrefu kiasi cha kuudhika na chai isiyo na sukari ya kutosha. Baada ya misa alipewa kiti kwa Apolonia, akachungulia kwenye tenga.

"Ah," alisema. "Malau."

Watu wakamwuliza kama wanafahamiana.

"Nikiwa kijana nilitumwa visiwa vya Pasifiki, kabla sijaletwa kwenu. Huyu anaishi kisiwa kimoja tu, msituni, juu ya mlima wa moto. Hamna penginepo duniani. Nimekula sana mayai yake." Akaongeza sukari. "Halalii mayai, huyu. Hutafuta udongo unaochemka, anachimba, anataga, anafukia, anakwenda zake. Joto la ardhi ndilo linaloangua. Kifaranga anajichimbia mwenyewe mpaka juu, na siku hiyo hiyo anaruka. Mama yake hamjui."

"Maskini," alisema mama mmoja.

"Kuja kwake hakunisumbui, ndege husafiri," alisema Padri. "Kinachonishinda ni kimoja. Hapa kwenu hakuna mlima wa moto. Kafuata nini?"

Watu waliinama wakatazama vikombe vyao. Wote waliokuwa pale walikuwa wa Lusilila. Liberatus alisema labda kapotea njia, na wengi wakasema ndiyo, kapotea.

Lakini Padri alitaka kuona anapotagia, na Mwenyekiti hakuona namna ya kumkatalia padri mbele ya kanisa zima. Kesho yake asubuhi walipanda: Padri, Liberatus, Silvester, Apolonia, na watu wengine wengi wa Amkeni ambao hakuna aliyewaalika. Ndege aliachiliwa akatangulia. Walimfuata kwa mstari mmoja, kimya, kama wanaokwenda kuzika.

Hakusimama kwenye nyumba alizokwishatagia. Alipita kwa Apolonia, akapita mkuyu, akashuka moja kwa moja mpaka nyumba ya mwisho upande wa mto. Majivu ya pale hayakukanyagika. Waliojaribu walirudi nyuma, kandambili zao zimelegea. Miimo miwili ya mlango ilikuwa bado imesimama, imeungua upande wa ndani. Ndege alipita katikati yake kwa adabu, kama mtu anayeingia nyumba yenye mwenyewe, akageuka, akaanza kuchimba pale pale nyuma ya kizingiti.

Kitu cha kwanza alichofukua kilikuwa chungu. Apolonia alijua ni cha nani kabla hakijatoka chote, kwa sababu mama yake alikuwa na mazoea ya kuubonyeza mdomo wa chungu kwa kidole gumba pande mbili. Kilikuwa kizima. Ndani yake mlikuwa na maji, na maji yalikuwa yakichemka polepole, bila haraka, kama yalivyochemka tangu mwaka 1974. Padri aliinama akatazama, akatikisa kichwa kukubali.

Kisha ndege akafukua bangili ya shaba. Ilikuwa imevaliwa.

Hapo ndipo watu walipopigwa na butwaa. Si kwa sababu ya ndege, wala ya maji. Ni kwa sababu ya mfupa mmoja wa mkono, mwembamba, ulionyooshwa kuelekea mlango. Mwanamke mmoja aliketi chini ghafla. Mwingine alijiziba kinywa kwa kanga. Apolonia alitaka kusema mama, na neno halikupata pa kupita.

Silvester hakuwa akitazama mfupa. Alikuwa akitazama mwimo wa mlango upande wa nje. Pale, mahali ambapo moto haukufika, palikuwa na kipande cha kamba ya gome na fundo lake. Lilikuwa fundo la mtumba wa tumbaku, linalopita mara mbili na kujikaza lenyewe mtu akilivuta kutoka upande wa pili. Lusilila nzima aliyejua kulifunga alikuwa mmoja.

"Nilitazama ndani," alisema Silvester. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. "Hamkuwa na mtu. Nikaenda kukata kamba pale mtoni. Nikarudi nikafunga."

"Uliporudi ulitazama tena?" Apolonia aliuliza.

"Tuliambiwa kutazama mara moja."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na haikuhitaji mpelelezi. Bibi Tekla alikuwa ameshatolewa, akiwa njiani kwenda kwenye lori, alipokumbuka moto wake. Alipita mtoni kwa njia nyingine kuchota maji, akarudi na chungu, akaingia kuuzima kama inavyompasa mtu anayehama. Alikuwa ameinama jikoni mlango ulipofungwa.

Lililobaki walilijua wote, na ndilo lililowafanya waje bila kualikwa. Lori lilipokuwa likingoja kuondoka, nyumba zikiwaka, walisikia kitu kikigonga. Kiligonga upande wa mto. Kiligonga kwa nguvu, kikanyamaza, kikagonga tena. Wakati huo huo mahindi yaliyokuwa darini yalianza kupasuka kwa moto, nyumba baada ya nyumba, na milio ikachanganyikana. Watu ndani ya lori walitazamana. Na aliyesema kwanza kwamba ni mahindi hakuwa Mwenyekiti, wala mgambo, wala dereva. Alikuwa Apolonia. Alikuwa amebanwa kona ya lori, haoni, na aliogopa, na alisema kwa sauti, "Ni mahindi hayo." Mwingine akaitikia, "Ni mahindi." Ikapita midomo yote, mpaka mbele kwa dereva, naye akatia gea.

Hilo ndilo lililomkaa kooni. Salamu za Usangu alizipokea kwa mikono miwili kila zilipoletwa, kwa sababu mama anayelima mpunga Usangu hakugonga mlango.

Liberatus alivua kofia, akaivaa tena.

"Ni mbuzi," alisema. "Mbuzi waliungua wengi siku ile."

"Mbuzi gani huyo anavaa bangili, Ndugu Mwenyekiti?" mama mmoja aliuliza.

Liberatus alifikiri. "Bangili aliiacha. Mtu akihama huacha vitu."

Padri Danieli alikuwa ametoa stola mfukoni na kuivaa shingoni. Aliwatazama mmoja mmoja. "Nani huyu?" aliuliza. "Nimwombee kwa jina gani?"

"Hakuna jina, Baba," alisema Liberatus. "Hakuna mtu aliyekufa."

Wote wakamgeukia Apolonia. Alikuwa na haki ya kusema, na kilio chenyewe kilikuwa kimeanza kupanda. Alikisikia kikipita koo, kikifika kwenye ulimi. Kama angepanua kinywa tu, kingetoka, na Lusilila nzima ingeshuka milimani na msiba, na mama yake angekuwa na kaburi. Alimwona Silvester akiwa amesimama na mikono yake mbali na mwili wake, kama iliyopakwa kitu. Aliwaza polisi watakaomfuata. Akawaona na wale wengine, majirani wote wa lori lile, wakitikisa vichwa kidogo sana, wakimwomba. Mwanamke aliyeketi chini alikuwa akimshika upindo wa kanga. Huyo ndiye aliyeitikia "Ni mahindi" wa kwanza.

Apolonia alifunga meno, akameza. Ilimwuma vibaya.

"Mama yangu yuko Usangu," alisema.

Padri alisali kimya kimya bila kutaja jina, akavua stola, akaikunja. Katika miaka yake Uheheni alikuwa amejifunza kwamba watu wakimnyima jina hana la kufanya. Apolonia alichukua kile chungu kwa kanga, akamwaga maji yake kwenye majivu. Yakafuka mvuke, yakapoa, na kabla hawajamaliza kufukia shimo yalikuwa yamepata moto tena, kwa kuwa moto ule haukuwa wake. Bangili waliifukia pamoja na mkono. Ndege alingoja pembeni mpaka walipomaliza, akafukua sehemu ndogo kando yake, akataga yai, akafukia.

Baada ya hapo Mwenyekiti hakuagiza tena arudishwe. Vifaranga vilitoka wakati wa mvua za kwanza, kimoja kimoja, vimejaa majivu, vikajipangusa na kuruka mpaka mitini bila kumsalimu mtu. Watu walivizoea. Marufuku ya kwenda mahameni ililegea bila mtu kuifuta, na wanawake waliokwenda kuokota kuni walipitia kufukia viazi kwenye majivu ya nyumba zao za zamani, wakirudi vimeiva. Mayai ya malau yalikuwa matamu, nao waliyala. Ya nyumba ya mwisho upande wa mto hayakuguswa na mtu.

Silvester aliacha ugambo, akawa analima tu. Kila kitu kilichohitaji kufungwa, mzigo wa kuni au mdomo wa gunia, alimwachia mtu mwingine. Liberatus aliendelea na mikutano yake Mbeya na salamu ziliongezeka. Bibi Tekla alikuwa amepata mgomba. Bibi Tekla alikuwa amejengewa nyumba ya bati.

"Nimezipokea," alisema Apolonia.

Mwaka uliofuata shule ilipata mabati na mwalimu. Aliitwa Mwalimu Roza, msichana mchangamfu wa Mbeya mjini, mpya kutoka chuoni, anayemwamkia kila mtu hata anayemzidi kwa miezi. Alipewa nyumba katikati ya mstari wa kwanza. Jumapili moja alasiri, upepo ukivuma na vumbi likiingia ndani, alifunga mlango wake, akaweka sufuria jikoni, akatia mafuta na gao la mahindi. Alikuwa akijiimbia. Punje ya kwanza ilipasuka, kisha ya pili, kisha zote kwa pamoja zikaanza kugonga mfuniko.

Amkeni nzima ilisikia.

Apolonia alikuwa wa kwanza kufika. Alikimbia bila kitambaa kichwani, akaanguka kwenye mfereji, akainuka, akauparamia ule mlango kwa mikono na mabega. Silvester alikuwa nyuma yake na kisu mkononi, akitafuta kamba kwenye mwimo, akipapasa juu na chini mbao tupu. Watu walitoka kila nyumba mbio, wazee kwa vijana, wengine na majembe, wengine na ndoo. Hakuna aliyepiga kelele. Liberatus alikuja peku, shati halina vifungo, na ndoo ya maji iliyokuwa ikimmwagikia miguuni.

Mlango ukafunguliwa kwa ndani. Mwalimu Roza alisimama pale na mwiko, nyuma yake sufuria likilia.

"Jamani! Kuna nini?"

Aliwaona wote, kijiji kizima mlangoni pake, wanahema. Apolonia alinyoosha mkono akamgusa shavu, akamgusa bega, akaurudisha mkono. Sufuria lilinyamaza.

Liberatus aliweka ndoo chini taratibu, akaanza kufunga vifungo vya shati.

"Tulikuja kukusalimia tu, Mwalimu," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kubeba mambo ya watu, alimgeukia Apolonia. "Nilikuwa nije kwako pia. Nimetoka Mbeya juzi. Mama yako anakusalimu."

"Nimezipokea."

"Kumbe mama yako yuko kwetu Mbeya!" Mwalimu Roza alifurahi. "Yuko Mbeya sehemu gani, mama?"

"Usangu," walijibu wote kwa pamoja.

Mwalimu akacheka, akasema karibuni basi, msisimame upeponi, bisi zipo tele. Akazimimina kwenye ungo, nyeupe, za moto, akazinyunyizia chumvi, akawapelekea pale pale mlangoni. Si vizuri kukataa chakula cha mgeni. Silvester alificha kisu, akachukua. Liberatus akachukua. Ungo ukapita mkono kwa mkono mpaka mwisho wa umati, na kila mtu alitafuna.

Apolonia alipewa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyefika wa kwanza. Alitafuna polepole, akameza kwa shida, akasema ni nzuri.